Ishara za Dini na Viangaza Mbele katika Filamu Nightmare Alley

Filamu Nightmare Alley, iliyoongozwa na Guillermo del Toro na kutolewa Marekani Desemba 2021, inamhusu mtu anayelipwa kuwafichulia wengine mambo ya siri huku mambo yake mwenyewe yakimpita machoni. Mtu huyo ni Stanton Carlisle, au Stan, anayeigizwa na Bradley Cooper. Anaanza kama kibarua katika karnivali, yaani kundi la maonyesho linalohama mji hadi mji na mahema yake. Anapanda cheo hadi kuwa msoma mawazo katika kumbi za matajiri, kisha anaporomoka na kuishia chini kuliko alikoanzia. Mwisho huo haumvamii mtazamaji ghafla. Unatangazwa tangu mwanzo kwa ishara nyingi, na sehemu kubwa ya ishara hizo imechotwa katika mapokeo ya Kiyahudi na Kikristo.

Katika uhakiki wa fasihi, mbinu ya kudokeza jambo kabla halijatokea huitwa kiangaza mbele. Filamu ina njia zake za kuitumia: kitu kilichowekwa nyuma ya mhusika, jina, neno linalotamkwa kama mzaha, tendo dogo ambalo baadaye litarudi likiwa kubwa. Kidokezo kilichofumwa vizuri hakijulikani kuwa kidokezo pale kinapopita. Kikiambatana na ishara ya dini, kinapata uzito mwingine. Kidokezo cha kawaida husema jambo fulani litatokea. Ishara ya dini huongeza kwamba jambo hilo ni hukumu, na kwamba mhusika alionywa.

Mpango huo ulikuwamo tayari katika riwaya iliyozaa filamu. William Lindsay Gresham aliichapisha mwaka 1946, baada ya kusimuliwa habari za karnivali na mtu aliyekutana naye Hispania, alikokwenda kujitolea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sura zake 22 zina majina ya karata kuu 22 za taroti, zile ambazo wapiga ramli wa Ulaya na Marekani huzitumia kubashiri. Sura ya kwanza ni Mpumbavu, ya mwisho ni Mtu Aliyetundikwa. Msomaji anayefungua ukurasa wa yaliyomo ameshatabiriwa kisa kizima. Katika riwaya, Stan hufika hadi kuvaa mavazi ya mchungaji na kuongoza kanisa la watu wanaoamini kusema na wafu. Del Toro na mwandishi mwenzake, Kim Morgan, waliiondoa kanzu hiyo ya uchungaji, lakini dhambi yenyewe waliiacha: kuuza maneno ya marehemu kwa wafiwa.

Biashara hiyo ina historia ya kweli katika eneo ambalo nusu ya pili ya filamu inatokea. Stan anafanya utapeli wake mkubwa mjini Buffalo, magharibi mwa jimbo la New York. Katika kijiji cha Hydesville, jimbo hilohilo, mabinti wawili wa familia ya Fox walidai mwaka 1848 kwamba roho zinawajibu kwa kugonga kuta. Kutokana na dai hilo yakaenea makundi ya kusema na wafu kote Marekani na Ulaya. Mwaka 1888 mmoja wao, Margaret, alitangaza hadharani kwamba milio ile waliitoa kwa viungo vya vidole vya miguu, ingawa baadaye aliikana kauli yake. Imani ile haikufa. Vita vya 1914 hadi 1918 viliipa wateja wapya, na miongoni mwa watu anaowatapeli Stan wamo wazazi waliompoteza mwana wao katika vita hivyo.

Filamu inafunguka kwa moto. Stan anaburuta mwili uliofungwa kitambaa, anautumbukiza katika shimo alilotoboa sakafuni, anawasha kiberiti na kuondoka nyumba ikiteketea nyuma yake. Hakuna neno linalosemwa. Baadaye sana mtazamaji anaelewa kwamba maiti ile ni ya baba yake, na kwamba Stan mwenyewe alimwacha mzee huyo mgonjwa afe kwa baridi. Amri ya kumheshimu baba na mama imevunjwa kabla hadithi haijaanza. Moto ule, unaopangwa chini ya miguu ya mtu, unamtambulisha mhusika kama aliyekwisha kuingia jehanamu kabla ya kufika kwenye lango la karnivali.

Ndani ya karnivali anakutana na kivutio kinachomtia kinyaa kuliko vyote: mtu aliyefungiwa shimoni kama hayawani, anayemuuma kuku hai shingo mbele ya watazamaji waliolipa senti chache. Kula damu kumekatazwa katika Torati, na katazo hilo limo pia katika Matendo ya Mitume na katika Kurani. Kwa hiyo tendo la mtu-mnyama huyu si uchafu wa mdomo tu. Ni ishara ya mtu aliyetolewa katika jamii ya waja. Linakumbusha adhabu ya Nebukadneza katika kitabu cha Danieli, mfalme aliyejikweza hadi akafukuzwa kati ya watu na kula majani kama ng'ombe. Stan naye atajikweza, na adhabu yake imewekwa mbele ya macho yake siku ya kwanza. Mtu yule wa shimoni hujitetea kwa maneno machache tu, kwamba yeye hakuwa hivyo. Stan anayasikia, lakini hayamwingii.

Mtu-mnyama anapotoroka usiku, Stan anatumwa kumtafuta katika jengo la vitisho lililojengwa kama jehanamu. Mlango wake ni kinywa kilichoachama. Njia zake zinajipinda, kuna sanamu za dhambi saba za mauti, na kuna kioo chenye maandishi yanayomtaka mwenye dhambi ajitazame. Orodha ya dhambi hizo, kiburi na uchoyo zikiwemo, iliwekwa sawa na Papa Gregori wa Kwanza katika karne ya 6, na kwa mamia ya miaka wachoraji wa Ulaya walionyesha jehanamu kama kinywa cha mnyama kinachomeza watu. Del Toro, aliyelelewa katika Ukatoliki mjini Guadalajara, Mexico, anaifahamu michoro hiyo vizuri. Katika jengo hili ishara zinasema waziwazi. Stan anapita mbele ya kioo akimtafuta mtu mwingine, na mtu anayemtafuta ndiye atakayekuwa yeye.

Kidokezo kikubwa kuliko vyote hakina fumbo lolote. Mtu-mnyama akishaugua, Stan na mwenye maonyesho, Clem, aliyeigizwa na Willem Dafoe, wanamtupa nje usiku wa mvua. Kisha Clem, akila, anaeleza namna mtu wa aina hiyo anavyotengenezwa. Hutafutwa mlevi aliyekwisha kukata tamaa. Huahidiwa kazi ya muda tu, hadi apatikane mtu-mnyama wa kweli. Hupewa pombe iliyotiwa matone ya afyuni, mpaka asiweze kuishi bila hayo. Halafu hutishiwa kufukuzwa, na kwa hofu ya kuikosa chupa hufanya lolote analoambiwa. Stan anasikiliza kwa makini kama mwanafunzi. Mtazamaji naye huchukulia kwamba anaelezwa mambo ya Clem na ukatili wake, kumbe amesomewa ukurasa wa mwisho wa kisa.

Clem ana pia mkusanyiko wa vijusi katika chupa za spiriti. Anachokithamini zaidi kina jicho katikati ya paji la uso, na inasemekana kilimuua mama yake wakati wa kuzaliwa. Jina lake ni Enoch, ambaye katika Biblia ya Kiswahili ni Henoko, mtu aliyekwenda pamoja na Mungu kisha akatwaliwa bila kuonja mauti. Kinaya ni kikali: Henoko wa Mwanzo hakufa, na huyu wa chupani hakuishi. Vilevile, mmoja alimpendeza Muumba wake, mwingine alimuua aliyemzaa, kama Stan alivyofanya. Jicho lake lisilofumba humtazama kila anayepita. Katika hema la watu wanaojidai kuona yote, macho yanayoona kweli ni ya maiti huyo mdogo.

Pombe ina mkondo wake wa vidokezo. Mwanzoni Stan hanywi kabisa. Clem anamwonyesha masanduku mawili ya chupa, moja la pombe ya kunywa na jingine la pombe ya kuhifadhia vijusi, ambayo ni sumu, na kumwonya asiyachanganye. Baada ya muda Pete, msoma mawazo mzee aliyekuwa akimfundisha Stan kazi, anakufa kwa chupa aliyopewa na Stan, na filamu haisemi kama lilikuwa kosa au kusudi. Pete huyo ndiye aliyempa onyo la kinabii: asithubutu kujidai kuwa na nguvu za kuwasemesha wafu, kwa maana watu wema wataumia, na uongo ukifika mwisho mtu hukutana na uso wa Mungu asiweze kuukimbia. Stan anakichukua kitabu cha siri za Pete na kuliacha onyo. Glasi yake ya kwanza ataipokea baadaye, mikononi mwa mtu mwenye nia ya kumwangamiza.

Karata nazo zinasema. Zeena, mke wa Pete, anampigia Stan ramli, na karata ya Mtu Aliyetundikwa inatokea ikiwa imegeuka juu chini. Stan anainyoosha kwa kidole na kudai ameirekebisha. Ni tendo la sekunde chache, lakini ndani yake imo tabia yake yote. Haamini ramli, kwa kuwa anajua hila zake. Hata hivyo anaamini kwamba ajali yake inaweza kugeuzwa kwa ujanja wa mkono. Majivuno, dhambi ya kwanza katika orodha ya Gregori, yanaonyeshwa hapa bila kutajwa.

Mjini Buffalo ishara zinahama kutoka kwenye mahema na kuingia katika majina na majengo ya kifahari. Mtaalamu wa saikolojia aliyeigizwa na Cate Blanchett anaitwa Lilith, jina ambalo katika hadithi za kale za Kiyahudi ni la mke wa kwanza wa Adamu, aliyemwasi na kumkimbia. Tajiri anayetapeliwa ni Ezra, jina la kuhani na mwandishi wa sheria. Ofisini kwa Lilith, Stan analala kochini na kueleza maovu yake yote, huku mashine iliyofichwa ikinasa sauti. Ni kitubio kilichopinduliwa: muungamishi haweki siri, na hakuna maondoleo yatakayotolewa. Kila kilichoungamwa kitakuwa silaha dhidi ya aliyeungama.

Hapa pia onyo la Pete linatimia. Mama mfiwa, aliyeaminishwa na Stan kwamba familia itaungana tena na mwana wao, anampiga mumewe risasi kisha anajiua, ili waende kumwona. Ezra Grindle anataka zaidi ya maneno. Anamtaka marehemu Dorrie, mwanamke aliyekufa baada ya Grindle kumlazimisha kutoa mimba. Stan anampangia ufufuo wa bandia katika bustani yenye theluji, akimtumia mwenzi wake Molly aliyepakwa damu mikononi. Grindle anapomshika na kugundua kwamba ni mtu hai mwingine, Stan anampiga hadi kumuua. Aliyejidai kuwarudisha wafu amewaongeza.

Akitoroka, Stan anajificha katika behewa la treni lililojaa kuku. Mtazamaji aliyekuwa makini anaelewa mara moja safari hiyo inaelekea wapi. Akiwa mlevi mchakavu anafika katika karnivali nyingine kuomba kazi. Nyuma ya mwenye maonyesho iko chupa ya Enoch, na jicho lile linamtazama tena. Anapewa kinywaji na kuahidiwa kazi ya muda tu, hadi apatikane mtu-mnyama wa kweli. Ni maneno ya Clem yaleyale, na Stan anayatambua. Anajibu kwamba alizaliwa kwa ajili ya kazi hiyo, akicheka na kulia kwa pamoja, na filamu inakwisha juu ya uso wake.

Filamu ya kwanza iliyotokana na riwaya hii, ya mwaka 1947 chini ya Edmund Goulding, ilimwachia Stan nafasi ya kuokolewa kwa kumkutanisha tena na Molly. Toleo la 2021 liliurudisha mwisho wa Gresham, na kwa mpango wake wa ishara lisingeweza kufanya vinginevyo. Lilipata uteuzi wa tuzo 4 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, bila kushinda hata moja. Ubora wake hasa huonekana likitazamwa mara ya pili. Stan alionyeshwa kila kitu ambacho mtazamaji alionyeshwa, na katika kazi hii inayomhusu mtabiri wa uongo, hakuna utabiri wa filamu yenyewe uliokosa kutimia.