Sikio Lililoingia Maji

Watu wengi wa pwani, na wale wakaao kando ya Ziwa Victoria, huogelea tangu utotoni, nao hupata afya na furaha. Lakini mara nyingi mtu aliyeoga jana huamka leo akiwashwa sikio. Hutwaa njiti ya kiberiti au unyoya wa kuku, akajikuna mpaka aone raha. Baada ya siku mbili raha imegeuka maumivu, na sikio latoka usaha. Husema, "Ni maji hayo." Kweli maji yana sehemu yake, lakini kosa kubwa ni la ile njiti.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu upatao sentimita 2 na nusu, na mwisho wake ni ngozi nyembamba iitwayo kiwambo. Nta iliyomo si uchafu, bali ni mlinzi. Huzuia maji yasiilowanishe ngozi, na uchachu wake huwazuia vijidudu wasistawi. Maji yakikaa humo muda mrefu, ngozi hulainika. Mtu akijikuna huiondoa nta na kuichubua ngozi, na hapo vijidudu wamefunguliwa mlango.

Basi kinga yake si ngumu. Utokapo majini, inamisha kichwa upande mmoja, kisha wa pili, huku ukilivuta sikio taratibu ili maji yatoke. Lipanguse kwa nje kwa kitambaa kikavu, wala usitie kitu ndani. Maduka ya dawa huuza matone ya kukausha sikio. Lakini mwenye maumivu au usaha, au aliyepata kutoboka kiwambo, asiyatumie bila shauri la daktari.

Wazamiaji wa kamba na pweza wana hatari nyingine. Katika kina cha mita 10, mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Mzamiaji na azibe pua, afumbe mdomo, apulize kidogo kidogo tangu anapoanza kushuka, asingoje maumivu. Masikio yakikataa kufunguka, apande juu, asishindane nayo. Mwenye mafua asizame kabisa. Wala asizame mtu aliyeziba masikio. Kiwambo kikipasuka chini ya maji, kizunguzungu chaweza kumshika mtu hata akafa maji.

Je, ukiisha kuugua? Vuta sikio kidogo: likiuma, yamkini tundu limevimba. Nenda hospitali. Daktari atalisafisha na kukupa matone, ambayo kwa kawaida hutumiwa siku 7 au zaidi. Yamalize yote hata kama maumivu yamekoma, wala usiingie majini mpaka umepona. Usitie mafuta ya moto wala maji ya majani. Mwenye ugonjwa wa sukari, au mwenye homa, au uvimbe nyuma ya sikio, asingoje kesho.

Wazazi nao waangalie. Mtoto asiyesikia vema darasani huitwa mkaidi, akaadhibiwa, kumbe sikio lake limeziba kwa uvimbe. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lakini sikio lililoingia maji lasikia dawa vizuri sana, mradi mwenyewe aipate mapema na kuitupa ile njiti.