Umbali na Usimulizi: Kiangazi cha F. Scott Fitzgerald Nchini Ufaransa, 1924

Matukio ya riwaya ya The Great Gatsby (1925) hutokea Long Island, Marekani, katika kiangazi cha 1922. Hata hivyo, rasimu yake kuu iliandikwa kusini mwa Ufaransa. Makala haya yanabainisha namna umbali huo unavyohusiana na muundo wa kazi yenyewe.

Mwezi Mei 1924, Fitzgerald, mkewe Zelda na binti yao Scottie, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, walisafiri kwenda Ufaransa, ambako maisha yalikuwa nafuu kwa mwenye dola. Huko Great Neck, matumizi makubwa yalikuwa yamemlazimu mwandishi kutunga hadithi fupi za magazetini ili alipe madeni. Familia ilipanga nyumba karibu na Saint-Raphaël, naye akaielekea riwaya.

Katika kiangazi hichohicho, ukaribu wa Zelda na rubani Mfaransa, Edouard Jozan, uliitikisa ndoa yao. Wapo wahakiki wanaoliona tukio hilo kuwa chimbuko la maudhui ya pendo lililovunjika. Hoja hiyo ina mipaka. Hadithi fupi ya “Winter Dreams”, iliyochapishwa 1922, tayari ina kijana wa tabaka la kati anayempoteza msichana tajiri pamoja na ndoto aliyoijenga juu yake. Kwa hiyo, tukio la 1924 huenda lilizidisha uchungu wa maudhui hayo, lakini halikuyazaa.

Athari ya umbali inadhihirika zaidi katika usimulizi. Nick Carraway, msimulizi wa nafsi ya kwanza, husimulia akiwa amekwisha kurudi kwao Magharibi ya Kati; anaitazama New York kwa kumbukumbu, kama mtunzi wake alivyoitazama kutoka ng’ambo. Ulinganifu huu hauthibitishi usababishi, ila unaonyesha kwamba mahali pa kuandikia panaweza kuangaza mbinu bila kugeuzwa kuwa ufunguo wa kila fumbo.

Aidha, kazi haikukamilika kiangazini. Mswada ulitumwa mwishoni mwa Oktoba. Mhariri Maxwell Perkins akaeleza kwamba Gatsby hakuonekana bayana. Fitzgerald aliusahihisha akiwa Rome, akiyatawanya maelezo ya maisha ya awali ya mhusika huyo katika sura mbalimbali. Uhakiki wa kiwasifu unaoishia Saint-Raphaël, basi, huikosa hatua iliyoupa msuko umbo lake.