Taa ya Mbele ya Pikipiki ya Chama: Glopu Kali au Glopu Idumuyo?

Katika vyama vyetu vya msingi, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayompeleka karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia mazao kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo inayobeba madebe ya maziwa alfajiri. Na ndiyo inayomrudisha katibu nyumbani baada ya kikao kilichochelewa kwisha. Nyingi za safari hizi hufanyika gizani, katika barabara za vumbi na makorongo, ambamo mna watembea kwa miguu, baiskeli zisizo na taa na ng'ombe waliolala njiani. Ndiyo maana suala la taa ya mbele hurudi mara kwa mara mbele ya kamati. Mwendeshaji hulalamika kwamba taa haimuliki, naye mweka hazina hulalamika kwamba glopu zinanunuliwa kila mara.

Malalamiko yote mawili ni ya haki. Lakini dawa ambayo aghalabu hutolewa, yaani kununua glopu yenye wati nyingi zaidi, haiponyi hata moja kati ya hayo, na pengine huongeza la tatu. Makala haya yanakusudia kueleza sababu, na kuwasaidia makatibu na wanachama kuchagua glopu inayofaa bila kupoteza fedha za chama.

Taa fupi, mwendo mrefu

Kwanza yafaa tufahamu ni kiasi gani cha mwanga kinachohitajika. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde. Mwendeshaji akiona kizuizi, huchukua kama sekunde moja na nusu kabla ya kushika breki, na katika muda huo amekwisha kupita mita 25. Baada ya hapo breki zenyewe zahitaji mita nyingine 28 hivi katika barabara nzuri, na zaidi ya hizo penye changarawe. Kwa hiyo jumla ni zaidi ya mita 50. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, jumla hiyo hushuka hadi mita 30 hivi.

Sasa, taa ya chini ya pikipiki ndogo, ile inayowashwa tunapopishana na wengine, humulika vizuri kwa mita 30 au 40 tu. Maana yake ni kwamba mwendeshaji aliyewasha taa ya chini akaenda kilomita 60 kwa saa anakimbia kuliko macho yake. Hakuna glopu ya dukani itakayoondoa ukweli huo. Glopu bora husaidia, lakini mwendo wa usiku hauna budi kufuata urefu wa mwanga.

Mwanga na umri havipatani

Glopu ya kawaida hutoa mwanga kwa sababu umeme hupita katika uzi mwembamba wa madini ya tungsteni na kuupasha moto hadi ung'ae. Kadiri uzi unavyopata moto zaidi, ndivyo mwanga unavyozidi kuwa mkali na mweupe. Lakini ndivyo pia tungsteni inavyozidi kupukutika na uzi kukonda, hata siku moja ukakatika. Kwa hiyo glopu inayosifiwa kwa ukali huwa imepunguziwa umri, na ile inayosifiwa kwa kudumu huwa imepunguziwa ukali kidogo. Boksi likiahidi yote mawili kwa pamoja, tena kwa bei ndogo, mnunuzi na atahadhari.

Njia mojawapo iliyopunguza ugomvi huo ni gesi ya halojeni. Katika glopu za aina hii, tungsteni inayopukutika hushikwa na gesi na kurudishwa kwenye uzi, badala ya kuganda kwenye kioo na kukitia weusi. Kwa hiyo uzi waweza kupashwa moto zaidi bila kufa mapema. Glopu za halojeni zilianza kutumika katika taa za magari huko Ulaya mwaka 1962, na mwaka 1971 ikafuata ile iitwayo H4, yenye nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wa taa kali na wa taa ya chini. Glopu ya halojeni ya wati 35 hutoa mwanga unaozidi ule wa glopu isiyo ya halojeni ya wati zilezile. Iwapo taa ya pikipiki yenu imetengenezwa kupokea halojeni, hapo ndipo pa kuanzia.

Glopu zilizopakwa rangi ya buluu hazistahili fedha ya chama. Rangi hiyo huzuia sehemu ya mwanga isitoke. Mwanga unaobaki huonekana mweupe kwa anayeutazama, lakini barabara haipati zaidi.

Wati nyingi si mwanga mwingi

Katika kitako cha glopu mna maandishi: volti, wati, na jina la aina yake. Pikipiki nyingi za leo za ukubwa wa cc 100 hadi 150 hutumia umeme wa volti 12 na glopu ya wati 35/35. Aina moja inayotumika sana ni ile iitwayo HS1. Baadhi ya pikipiki za zamani zilikuwa za volti 6, nazo glopu ya volti 12 ndani yake itawaka kama mshumaa.

Hatari ipo katika mfanano. HS1 na H4 hushabihiana sana kwa sura, na muuzaji aweza kutoa moja badala ya nyingine kwa nia njema. Lakini H4 ya kawaida ni ya wati 60/55, na hutumia karibu ampea 5, ilhali HS1 hutumia zisizozidi 3. Waya, swichi na soketi za pikipiki ndogo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Soketi huyeyuka, sahani ing'aayo iliyo nyuma ya glopu huungua, na betri hukosa chaji. Tena, umeme usipotosha, volti hushuka, na ile glopu ya wati 60 hutoa mwanga hafifu wenye wekundu. Chama kimelipa zaidi ili kione kidogo.

Mwanga unaopotea njiani

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Mwanga wa glopu hauongezeki na kupungua sawasawa na volti, bali hubadilika kwa kasi kubwa zaidi. Ikiwa betri inayochajiwa ina volti 13.5 lakini glopu inapata volti 12 tu, kwa sababu ya waya wenye kutu au athi iliyolegea, basi karibu theluthi moja ya mwanga imepotea. Fundi mwenye kipima umeme, waya safi na kipande cha msasa aweza kuurudisha mwanga huo bila kununua glopu.

Kipimo chenyewe si kigumu. Injini ikiwa inanguruma kwa mwendo wa wastani na taa ikiwa imewashwa, fundi apime volti kwenye betri, kisha kwenye soketi ya glopu. Tofauti ikizidi nusu volti, asafishe viungo vya waya, swichi na mahali athi inapogusa chuma. Katika pikipiki ambazo taa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini bila kupitia betri, fundi atumie kipimo cha umeme geu. Na taa kufifia injini inapopunguza kasi si kosa la glopu.

Upande wa pili nao una madhara yake. Volti zikizidi zilizokusudiwa kwa asilimia 5 tu, umri wa glopu hupungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo pikipiki inayokula glopu kila baada ya wiki chache, na volti zake zikapita 15, haina tatizo la glopu. Regileta yake imeharibika.

Glopu iliyokufa nayo hutoa ushahidi. Kioo kikiwa cheupe safi na uzi umekatika, huenda mtikisiko ndio uliouvunja: kagueni mpira na skrubu zinazoshika taa. Kioo kikiwa cheusi, glopu imezeeka au imezidishiwa volti. Kikiwa na ukungu mweupe kama maziwa, hewa imeingia ndani.

Je, glopu za LED?

Wanachama wengi huuliza habari za LED. Sifa zake ni za kweli: hutumia umeme kidogo, hazina uzi wa kukatika kwa mtikisiko, na ikiwa taa nzima imetengenezwa kiwandani kwa LED, hufanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Mashaka huanza pale LED inapopachikwa ndani ya taa iliyotengenezwa kwa glopu ya uzi.

Ndani ya HS1 au H4, chini ya uzi wa taa ya chini, mna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu na kumpofusha anayekuja. Uzi nao umewekwa mahali maalumu, na sahani ya taa imepindwa kulingana na mahali hapo. LED ambayo vitoa mwanga vyake havikai pale pale palipokuwa uzi hutawanya mwanga ovyo. Mwendeshaji huona weupe mwingi karibu na gurudumu na hudhani ameona mbali, ilhali mwenziwe anayekuja haoni kitu. Aidha, LED nyingi za aina hii zina feni ndogo nyuma yake, na vumbi la barabara zetu huiziba; ikisimama, joto huiua taa. Penye umeme geu kutoka kwenye injini, LED isiyotengenezwa kwa umeme huo humetameta. Kamati ikiamua kuijaribu, ijaribiwe kwa pikipiki moja kwanza, na ukaguzi wa ukutani uelezwao hapa chini uwe ndio hakimu.

Kufunga na kulenga

Glopu ya halojeni isishikwe kioo kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi huchomeka juu yake na kukidhuru. Ishikwe kitako, au kwa kitambaa safi. Ikiguswa, ifutwe kwa spiriti. Masikio ya kitako yakae sawa katika nafasi zake, na mpira wa nyuma urudishwe ili vumbi na maji yasiingie. Sahani ing'aayo isisuguliwe kamwe kwa tambara, kwani mng'ao wake ni utando mwembamba unaobanduka upesi.

Kisha taa ilengwe. Usiku, simamisheni pikipiki mita 10 kutoka ukutani, mwendeshaji akiwa amekaa na mzigo wa kawaida ukiwa umefungwa nyuma, maana gunia la nyuma huinua taa juu. Pimeni kimo cha kitovu cha taa, mkiweke alama ukutani. Ukingo wa juu wa taa ya chini uwe sentimita 10 hadi 20 chini ya alama hiyo. Ukizidi kushuka, mwendeshaji haoni mbali. Ukipanda juu ya alama, anawapofusha wenzake.

Wajibu wa Katibu

Ndugu Katibu, inafaa kila pikipiki ya chama iwe na ukurasa wake katika daftari, ambamo huandikwa tarehe ya kufunga glopu, kilomita zilizosomwa siku hiyo, aina, bei, na siku ilipokufa. Tuseme, kwa mfano tu, glopu moja inauzwa shilingi 4,000 na hudumu miezi 2, na nyingine shilingi 9,000 na hudumu mwaka mzima. Ya kwanza itagharimu shilingi 24,000 kwa mwaka. Daftari ndilo litakaloiambia kamati ipi ni rahisi. Bei ya dukani haiwezi.

Kabla ya kununua, basi, utaratibu uwe huu: fundi apime volti na kusafisha waya, glopu inunuliwe ya volti, wati na aina ileile iliyowekwa na kiwanda, ya halojeni ikiwa taa yaipokea, ilengwe ukutani, na glopu ya akiba ifungwe kwenye kitambaa na kuwekwa katika mfuko wa vifaa. Karani atakayezimikiwa na taa saa mbili usiku, kilomita 15 kutoka kituoni akiwa na vitabu vya mauzo ya wanachama, hatasaidiwa na glopu iliyomo kabatini.