Avansi ya kiwanja: andikeni kwanza kama mipango itageuka

Wengi wetu tunaijua hii mambo. Mutu anashuka toka Rubaya, kilometa karibu 60 na Goma, na feza ya miezi mingi ndani ya mufuko. Komisionere anamupeleka Ndosho ao Mugunga, anamuonyesha kiwanja chenye nyumba ya mbao, na kumuambia: « Leta kwanza avansi, kuko mukiliya mwengine anakuya kesho. » Anatoa dola 1 000. Wanasikilizana kwamba 3 000 zenye kubaki zitakuja kisha miezi mitatu, naye anarudia kwenye shimo.

Mwezi wa pili, shimo linajaa maji. Ao negosia anachelewa kulipa, ao mutoto anaingia hospitali. Akienda kuomba feza yake, jibu ni moja: « Ile franga nilisha kula. Nitaitosha wapi? »

Nani yuko na haki? Mara nyingi jibu linatoka kwenye neno lililoandikwa siku ile ya kwanza.

Sheria yetu ya mapatano ni ya zamani: dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7, 1888. Inasema kwamba kama ahadi ya kuuza ilifanywa na « arrhes », kila mutu anaweza kuacha. Munuzi akiacha, anapoteza ile aliyotoa. Muuzaji akiacha, anarudisha mara mbili. Lakini kama karatasi inasema « acompte », ni mambo mengine: ni sehemu ya bei ya kitu kilichokwisha kuuzwa. Hapo hakuna mwenye kutoka peke yake. Muuzaji anaweza kukudai feza yenye kubaki, na wewe unaweza kumudai nyumba. Na kama karatasi inasema tu « avansi », bila maelezo, mutajibishana mpaka mbele ya muamuzi.

Kwa mutu wa machimbo, ambaye hajui mwezi ujao utaleta nini, tunaona njia ingine iko muzuri zaidi: kuandika mapema nini itafanyika kama mipango inageuka. Kwa mufano: « Kama munuzi hakumaliza kulipa mbele ya tarehe fulani, muuzaji atabakisha dola 100 na kurudisha 900 ndani ya siku 30. » Muuzaji naye hapotezi bure, kwa sababu alifungia wengine mulango. Na munuzi anajua toka mwanzo ni nini anaweza kupoteza.

Lakini karatasi haina nguvu mbele ya mufuko mutupu. Muuzaji aliyekula yote anaweza kupoteza mbele ya tribinali na bado asikulipe. Ndiyo maana avansi ya kwanza iwe kidogo, ile ambayo nyumba yako inaweza kuvumilia kuipoteza. Yenye kubaki ilipwe hatua kwa hatua.

Mbele ya kutoa hata dola moja, uliza mambo tatu.

Kwanza, kiwanja ni cha nani? Tangu sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, udongo ni wa Serikali. Mutu anapata haki ya kuutumia. Haki ile inasimama juu ya « certificat d'enregistrement » inayotolewa na konservatere. Fishi ya kartie inasaidia, lakini haichukui nafasi yake. Enda uangalie kwenye ofisi ya konservatere wewe mwenyewe, usimutume komisionere.

Pili, nani anapashwa kusaini? Sheria ya jamaa ya 1987, iliyotengenezwa upya 2016, inaomba bibi na bwana wakubaliane mbele ya kuuza nyumba. Kama mwenye kiwanja alikufa, warizi wote wasikie. Mutoto mukubwa peke yake hatoshi.

Tatu, majirani wanasema nini? Lava ya 2002 na ya 2021 ilifunika nyumba nyingi, na mipaka pamoja nazo. Chefu wa nyumba kumi na wale wa pembeni wanajua ni kiwanja gani kiko na maneno, ao kiliuzwa mara mbili.

Kuhusu kulipa: benki za Goma zilipofunga milango mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wengi walizoea kupeana feza mukononi. Mukononi hakuna alama. Ukilipa kwa telefone, tuma kwenye namba iliyo na jina la muuzaji, hata kama utalipa makato, na uchunge mesaje. Ukilipa mukononi, omba risiti kila mara: kiasi kwa namba na kwa maneno, tarehe, sinyatire ao kidole, na mashahidi wawili, mumoja wa upande wako.

Karatasi zikuwe mbili zenye kufanana, moja kwa kila upande. Yako usirudi nayo kwenye machimbo. Mufuko wa mutu wa shimo unalowana na kujaa matope. Ipige picha, kisha uiachie mama wa nyumba, na umusomee kila mustari. Siku ile wewe hauko, ni yeye na watoto watakaosimama mbele ya muuzaji. Wajue ni tarehe gani mulipatana, na ni feza ngapi yenu ingali kwake.