Mama Anapojichukia: Tiba ya Kuzungumza Kikundini

Kila kikundi cha kina mama kina kitabu cha mahudhurio. Mtu akikosa mara moja anaandikwa, akikosa mara ya pili anatozwa faini, mara ya tatu watu wanaanza kusema ati amekuwa mvivu, au siku hizi anaringa. Kitabu kinatuonyesha nani hakuja. Hakituambii kwa nini. Na mara nyingi yule asiyekuja si mvivu hata kidogo. Ni mgonjwa, ila ugonjwa wenyewe hauonekani kwa macho kama mguu uliovunjika.

Mama wa namna hiyo mnamjua. Zamani alikuwa wa kwanza kufika mkutanoni na wa kwanza kushika jembe. Siku hizi hachani nywele, shamba limejaa magugu, chakula hakipiti kooni, usiku halali. Kichwa kinamuuma, lakini akienda zahanati hawaoni kitu. Ukimuuliza atakuambia, "Niko sawa tu, ni mawazo." Nasi humjibu, "Jipe moyo, mama, yatapita." Hayo ni maneno mazuri, lakini yakisemwa haraka humfunga mdomo.

Jirani zetu Waganda wana neno la hali hii: okwekyawa, yaani kujichukia. Wilaya za Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, zilipigwa vibaya sana na ukimwi. Watafiti walipowauliza wanakijiji wa huko ni shida gani ugonjwa huo umewaletea, watu hawakutaja vifo na umaskini peke yake. Walitaja pia magonjwa mawili ya moyo: kujichukia, na kujihurumia kupita kiasi. Hakuna daktari aliyewafundisha maneno hayo. Walikuwa nayo. Na dalili walizozieleza zilikaribiana sana na ule ugonjwa wa huzuni nzito ambao madaktari wanaujua kote duniani.

Basi mwaka 2002 likafanywa jaribio. Vijiji 30 vilichaguliwa, 15 vya wanawake na 15 vya wanaume. Dawa za ugonjwa huu zilikuwa ghali na hazipatikani vijijini, kwa hiyo ikatumika tiba ya mazungumzo ambayo Gerald Klerman na Myrna Weissman waliianzisha Marekani katika miaka ya 1970. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa eneo hilo hilo, wanaosema Kiganda, waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Wanawake waliongozwa na mwanamke, wanaume na mwanamume. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16.

Matokeo yalitolewa mwaka 2003, na ni vyema kuyasoma polepole. Katika vijiji vilivyopata tiba, washiriki 86 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa huo mwanzoni. Mwishoni walibaki 6 au 7 kwa kila 100. Katika vijiji ambavyo havikupata, walikuwa 94 kwa 100, wakabaki karibu 55. Kumbe wengine hupona bila tiba hii, ni kweli. Lakini tofauti ya 7 na 55 si jambo dogo. Walipopimwa tena baada ya miezi sita, nafuu ilikuwa bado ipo.

Jambo lililotugusa zaidi ni namna walivyopima kupona. Wanawake wa vijijini waliulizwa kwanza: kazi zipi za kila siku ni muhimu kwa mwanamke wa hapa? Wakataja kuoga na kuwa safi, kulea watoto, kupika, kulima, kuhudhuria mikutano, kwenda kwenye mazishi ya jirani. Halafu kila mgonjwa akaulizwa ni yapi kati ya haya yanamshinda. Siku hizi kuna maneno mengi kuhusu mwanamke kuirudia nafsi yake ya kweli, na mengine yanasikika kana kwamba nafsi hiyo imefichwa mahali fulani mbali na watu, akaitafute peke yake. Sisi hatuoni hivyo. Kwa mama wa kijijini, nafsi yake inaonekana anaporudi kuoga, kulima, na kukaa na wenzake msibani. Mwili, moyo, nyumba na majirani huugua pamoja, na hupona pamoja.

Je, kinachofanyika hasa katika kikundi ni nini? Kabla ya mkutano wa kwanza kiongozi humtembelea kila mtu peke yake. Humwambia wazi kwamba huu ni ugonjwa, si uvivu wala laana, na kwamba unatibika. Kwa wengi hapo tu mzigo huanza kupungua. Kisha wanatafuta pamoja: hali hii ilianza lini, na wakati huo kulikuwa na nini? Kwa kawaida chanzo ni kimoja kati ya vichache. Mtu amefiwa. Kuna ugomvi, mara nyingi na mume, mama mkwe au mtoto. Maisha yamegeuka: ameolewa mbali, amekuwa mjane, mume ameoa mwingine, ameambiwa ana virusi. Au ni upweke wa muda mrefu.

Mikutano yenyewe ina utaratibu. Kila mmoja hueleza wiki yake ilikuwaje, moyo ulishuka siku gani, na siku hiyo kulitokea nini. Mama anaposema, "Jumatano nilishindwa kuamka," kiongozi hamhubirii. Humuuliza, "Na Jumanne jioni kulikuwa na nini?" Mara anakumbuka: shemeji alikuja akauliza juu ya shamba la marehemu. Sasa kuna kitu cha kushika. Wenzake watauliza nani katika ukoo anaweza kuzungumza na huyo shemeji, maneno gani yatumike, nani amsindikize. Wanaweza hata kuigiza: mmoja anakuwa shemeji, mama anajaribu kujibu, wanacheka, anajaribu tena. Mtu aliyekuwa hasemi anapata sauti mbele ya watu sita au saba kabla hajaitumia nyumbani.

Huko Uganda walimu walilazimika kubadilisha mambo kadhaa ili yaingiane na desturi. Haikufaa, kwa mfano, kumwambia mjane aseme mabaya ya marehemu mume wake. Wala si kila mke anaweza kumkabili mume ana kwa ana; mara nyingi njia hupitia kwa shangazi au mzee anayeheshimiwa. Mkianzisha jambo kama hili kwenu, fanyeni vivyo hivyo.

Hapa Kenya pia kuna mfano, ingawa wa namna nyingine. Pembezoni mwa Nairobi wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya moyo, wengi wao wamewahi kudhulumiwa, walishiriki katika jaribio lililotangazwa mwaka 2017. Nusu yao walikutana na wahudumu wa afya ya jamii, mtu mmoja mmoja, mara tano tu, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani. Dhiki yao ilipungua kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Walifundishwa kutatua tatizo moja kwa wakati, kurudia kazi ndogo waliyoiacha hata kabla moyo haujapenda, kutafuta mtu wa kuwaunga mkono, na kupumua polepole. Hilo la kupumua mwaweza kulijaribu hata leo: weka mkono tumboni, vuta pumzi ukihesabu hadi tatu, tumbo liinuke, kisha itoe ukihesabu hadi tatu. Fanya hivyo kwa dakika chache. Haliondoi shida, lakini mwili uliokaza hulegea.

Sasa tuseme wazi kuhusu vikundi vyetu. Tayari tuna mambo mengi yanayohitajika: tunajuana, tunakutana, tuna viongozi. Lakini mkutano wa pesa si mkutano wa tiba. Mama anayedaiwa mkopo hawezi kufungua moyo mbele ya mweka hazina anayemdai. Sisi tunaonelea mkutano wa kusikilizana uwe siku nyingine, watu wachache, bila michango, bila faini, na aliyesikia neno asilitoe nje. Siri ikitoka mara moja tu, kazi yote imekwisha. Anayejulikana kwa kubeba habari asiwekwe kuongoza, hata kama ndiye mwenyekiti na hata kama atakasirika.

Pia tusijitie udaktari. Mama anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyejifungua juzi na sasa anasema mambo yasiyoeleweka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Anayezungumza juu ya kufa aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za shamba ziondolewe nyumbani, na apelekwe kituo cha afya. Wengi waliogopa kusema kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Na anayepigwa nyumbani hahitaji kwanza kufundishwa namna ya kuongea vizuri na anayempiga. Anahitaji usalama. Nambari 1195 hupigwa bila malipo, na sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inamruhusu kuomba amri ya mahakama ya kumlinda.

Kwa kikundi kinachotaka kuanza, mtu wa kwanza wa kuonana naye ni mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu, kisha afisa wa kituo cha afya. Muulizeni ni nani katika kaunti aliyefunzwa tiba ya mazungumzo ya kikundi. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wake mwaka 2016, nao hutolewa bila malipo. Chagueni watu wawili, si mmoja, wapate mafunzo, kwa maana anayesikiliza huzuni za wengine kila wiki naye atahitaji mtu wa kumsikiliza.