Namba ya eCitizen ya Mzee Inaingia kwa Simu ya Nani?

Tarehe 30 Juni 2023 serikali ilizindua mpango wa Gava Mkononi, na huduma takriban 5,000 zikawekwa kwenye eCitizen. Malipo yakaelekezwa kwa paybill moja, 222222. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na kila mtu akatakiwa kujisajili upya. Mwaka 2025 serikali ikaanza kuwahamishia wanufaika wa Inua Jamii kwenye malipo ya simu. Ndio kusema mzee wa miaka 75 pale Mtongwe, Mtopanga au Chaani, ambaye simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, sasa ana akaunti ya serikali hata kama hajawahi kuiona kwa macho.

Akaunti hiyo ina kufuli mbili. Ya kwanza ni neno la siri. Ya pili ni ile namba fupi inayotumwa kwa meseji, ambayo wengi tunaiita OTP. Namba hiyo hufanya kazi mara moja tu, kwa dakika chache, kisha inakufa.

Swali letu leo ni rahisi: kwenye akaunti ya mzazi wako, hiyo namba inaingia kwa simu ya nani? Familia nyingi hazina jibu la haraka, na matapeli wanalijua hilo vizuri.

Akaunti ilifunguliwa wapi?

Huduma Centre ya Mombasa iko kisiwani, kwenye jengo la Posta. Wa Likoni kwa kawaida huvuka feri. Wa Kisauni apite daraja la Nyali, wa Changamwe ashuke kupitia Makupa. Kwa mtu mwenye magoti yanayouma, hiyo ni safari ya siku nzima. Kwa hivyo watu huenda saiba ya karibu, na si vibaya. Vijana wa saiba wamesaidia wazee wengi kupata huduma.

Shida hutokea kwenye haraka ya kujaza fomu. Mfumo unaomba baruapepe, mzee hana, anafunguliwa moja palepale na neno la siri linaandikwa kwenye kijitabu cha saiba. Mfumo unaomba namba ya simu, simu ya mzee haina chaji, inawekwa namba ya yule anayejaza "tumalize tu, bibi". Au inawekwa ya mjukuu aliyemsindikiza, ambaye mwaka huu yuko Saudia na laini ile hatumii tena.

Tukumbuke pia kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu huzimwa na kampuni ya simu, na baadaye inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Siku hiyo, OTP za bibi zinaanza kuingia kwa mgeni ambaye hata hajui ni za nani.

Kwa hivyo kabla ya kuzungumzia matapeli, hakikisha akaunti ya mzee ina laini ya mzee. Iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chake, na aweze kuishika mkononi.

Simu ya tapeli huwa hivi

Maneno hubadilika lakini mpangilio ni uleule. Tumeuandika hapa ili uweze kumsomea mzee wako kwa sauti:

"Asalaam aleikum, mama. Habari za hapo nyumbani? Mimi napiga kutoka ofisi ya Inua Jamii. Naona pesa zako za miezi miwili zimekwama kwa sababu namba yako haijathibitishwa. Usikate simu. Kuna meseji nimekutumia saa hii, imeingia? Nisomee hizo namba ili nikufungulie."

Tuichambue.

*Salamu na heshima.* Tapeli haanzi na vitisho. Anaanza na adabu, kwa sababu mzee aliyelelewa vizuri haoni haya kumkatia simu mwizi, ila anaona haya kumkatia mtoto mwenye heshima. Mwambieni wazi: kukata simu si utovu wa adabu.

*Pesa iliyokwama.* Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na mara nyingi hulipwa kwa kuchelewa. Kila mzee anajua kuna kitu anadai, kwa hivyo tapeli akibahatisha tu, anaonekana mkweli.

*"Usikate simu."* Hii ni ya kumzuia asimwulize mtu. Ofisi ya kweli haina shida ukikata ukapiga wewe.

*"Nimekutumia meseji."* Hapa ndipo penye ujanja wote. Mara nyingi meseji hiyo ni ya kweli! Imetoka kwa mfumo halisi, kwa sababu tapeli mwenyewe ameingiza namba ya mzee mahali fulani na kubonyeza "nimesahau neno la siri". Mzee anaona jina la huduma anayoijua, anaamini. Na si lazima meseji iwe ya eCitizen. Tapeli anaweza kusema "Inua Jamii" huku namba iliyoingia ni ya kufungua WhatsApp ya mzee kwenye simu nyingine, au ya programu ya pesa.

*"Nisomee."* Hapo amekabidhiwa ufunguo.

Kuna mtego mwingine wa lugha. Wengine huiita OTP "kodi". Mzee akisikia "nipe kodi", mawazo yake yanaenda kwa kodi ya nyumba au kodi ya KRA, anaingiwa na wasiwasi kwamba anadaiwa. Tukimfundisha, tuitumie lugha moja: "namba ya siri ya meseji".

Onyo liko kwa Kiingereza

Meseji nyingi za OTP huandikwa kwa Kiingereza, na onyo la kutompa mtu yeyote namba hiyo huwa ndani ya meseji hiyohiyo. Mzee asiyesoma Kiingereza hulazimika kumpa mtu amsomee. Yaani ili ajue kwamba hatakiwi kumwonyesha mtu, inabidi kwanza amwonyeshe mtu.

Ndiyo sababu kumwambia tu "usimpe mtu OTP" hakutoshi. Jaribuni hivi:

- Chagueni mtu mmoja, awe mtoto, mkwe au jirani wa miaka mingi, ndiye pekee wa kusoma meseji za mzee. Mzee amjue kwa jina na sura, si kwa sauti ya simu.
- Mpeni mzee kanuni moja fupi: "Kama si mimi niliyeanza, namba haitoki." Kama yeye mwenyewe ameketi mbele ya kompyuta anaingia eCitizen, meseji ikiingia ni yake. Kama alikuwa barazani anakunywa kahawa na namba ikaingia tu, kuna mtu anajaribu mlango.
- Meseji ikiingia bila yeye kuomba, asimjibu mtu. Amwite yule msomaji wake.

Kanuni hii ni bora kuliko kukariri namba za ofisi, kwa sababu jina au namba inayotokea kwenye skrini inaweza kughushiwa.

Na hospitali je?

Hili tunaulizwa sana, kwa sababu SHA nayo imekuwa ikituma OTP kwa simu ya mgonjwa ili kuthibitisha kwamba ni yeye anayetibiwa. Serikali imekuwa ikihamia kwenye alama za vidole, lakini ukiombwa namba, jiulize mambo matatu: Mgonjwa yuko hapa? Anatibiwa leo? Anayeomba ni mhudumu wa kituo hiki, na tuko ana kwa ana?

Yote matatu yakiwa ndiyo, sawa. Moja likikosa, hapana. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba akiomba kitambulisho na namba ya meseji "kwa ajili ya matibabu ya bure" hajajibu hata moja. Ukitoa namba hiyo, jina la mzee linaweza kutumika kudai malipo ya matibabu ambayo hakupata.

Kazi ya nusu saa Jumapili hii

Mkiwa pamoja nyumbani, chukueni simu ya mzee na kitambulisho chake, mfanye haya:

1. Pigeni *106#. Mtaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama kuna laini hamuitambui, nendeni duka la kampuni husika iondolewe.
2. Ingieni eCitizen na muangalie namba ya simu na baruapepe kwenye wasifu wake. Kama ni za saiba au za mtu aliyehama, badilisheni. Kama hamwezi kuingia kwa sababu laini ya zamani imepotea, hapo safari ya Huduma Centre inafaa. Mzee aende mwenyewe, na kitambulisho.
3. Badilisheni neno la siri, la eCitizen na la baruapepe. Baruapepe husahaulika, na ndiyo inayoweza kutumika kufungua kila kitu kingine. Kama lazima liandikwe, liandikwe kwenye karatasi inayokaa nyumbani na hati za familia, si nyuma ya simu.
4. Fungeni laini isibadilishwe ovyo. Kwa Safaricom, piga *100*100# ili laini yake isiweze kubadilishwa na ajenti bila mzee kufika dukani mwenyewe. Kwa mitandao mingine, ulizeni dukani kwao.
5. Ficheni meseji kwenye skrini iliyofungwa, kama ni simu ya kisasa. Mtu asiweze kusoma namba simu ikiwa mezani.
6. Laini itumike. Iwekwe salio kidogo na ipigwe mara kwa mara, isije ikazimwa.

Simu ya mulika mwizi si tatizo. Haiwezi kuingizwa programu za wizi kirahisi, na OTP inaingia vizuri. Ila haimkingi mzee na maneno matamu.

Mkienda saiba, mzee ashike simu yake mwenyewe na namba aiandike mwenyewe kwenye kompyuta, au amsomee mhudumu aliye mbele yake. Mkimaliza, hakikisheni mmetoka kwenye akaunti na kompyuta haijahifadhi neno la siri.

Mjukuu naye

Hatupendi kulisema lakini lisemwe. Mara nyingine anayetumia namba ya mzee ni mtu wa nyumbani. Mjukuu anayemsaidia bibi kutoa pesa za Inua Jamii anajua PIN, anajua namba ya kitambulisho, na ndiye anayesoma meseji. Wengi wao ni waaminifu kabisa. Lakini msaada mzuri una mpaka: kila akisaidia, bibi awepo, na baada ya kutoa pesa amwonyeshe meseji ya salio. PIN abonyeze bibi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 haitofautishi mgeni na ndugu: kuingia akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa.

Kama namba imeshatolewa

Usimfokee. Mzee aliyefokewa mara ya kwanza, mara ya pili atanyamaza, na tapeli atapata siku nzima ya kufanya kazi. Fanyeni haya papo hapo:

- Badilisheni neno la siri la eCitizen na baruapepe.
- Badilisheni PIN ya pesa na mpigie kampuni inayotunza pesa zake muombe akaunti isimamishwe kwa muda.
- Simu ikipoteza mtandao ghafla wakati majirani wanao, huenda laini imebadilishwa. Pigieni kampuni ya simu kwa simu nyingine mara moja.
- Kwa Safaricom, tumeni meseji ya utapeli kwenda 333, ni bure.
- Kwa mambo ya Inua Jamii, pigeni 1533. Kuripoti kwa DCI bila malipo ni 0800 722 203.
- Nendeni kituo cha polisi cha karibu, mchukue namba ya OB. Bila hiyo, kufuatilia pesa au kukana muamala huwa kugumu.

Na kwa upande wetu: sisi hatutakupigia kamwe kukuomba PIN wala namba ya siri ya meseji. Mtu akisema anatoka kwetu na anaitaka, kata. Ukikuta ombi la malipo limejitokeza kwenye simu na hukulianzisha, usiweke PIN, hata kama jina lililoandikwa ni la serikali.

Tuma makala haya kwenye kikundi cha familia, kisha uulize hapohapo: "OTP za mama zinaingia kwa nani?" Kama hakuna anayejibu, mmeshajua pa kuanzia Jumapili.