Kuku Wako Wanalala Mtini? Kagua Banda Kwanza

Jioni vijijini karibu na Ogembo, ni kawaida kuona mtu akirusha vijiti kwenye mparachichi ili kuku washuke. Kesho yake wanarudi matawini. Kisha kicheche hupita usiku, na asubuhi mwenye boma hukuta manyoya tu.

Si ukaidi. Kuku haoni vizuri gizani, hivyo hutafuta mapema mahali pa juu alipopazoea. Banda lisilo na fito za kulalia, au lenye fito zilizo chini kuliko viota, haliwezi kushindana na mti. Mpe kila kuku nafasi ya sentimita 20 kwenye ufito.

Ikiwa walikuwa wakiingia na sasa wamegoma, shuku utitiri. Wadudu hawa hujificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku. Pangusa chini ya fito kwa karatasi nyeupe usiku. Ukiona alama za damu, choma matandiko yote, mwagia nyufa maji yanayochemka, na urudie baada ya wiki. Kuhusu dawa ya kupuliza, muulize kwanza afisa wa mifugo wa wadi yako.

Banda likiwa safi, wafungie humo wiki nzima kwa maji na chakula. Ukiwafungulia, mwaga mahindi kidogo ndani kila saa kumi na mbili jioni, kabla giza halijaingia. Anayebaki mtini mchukue usiku, akiwa ametulia, umweke kwenye ufito. Halafu funga kwa kufuli. Kicheche si mwizi pekee.